Mpe rafiki waraka, sauti ubaki nayo

Shairi la bomba la mtaani lilianza na beti nane katika usiku mmoja na likamalizika na beti sita baada ya siku kumi na moja. Kati ya usiku ule na siku ile alipita rafiki mmoja, karatasi mbili, kalamu nyekundu, na siku mbili za kununiana. Naeleza njia lililopita kwa sababu watunzi wengi hukosea palepale: humwimbia rafiki shairi badala ya kumpa alisome, kisha wakasifiwa sauti wakidhani wamesifiwa utunzi.

Tuelewane kwanza kuhusu kipimo. Hili ni shairi la tarbia, mishororo minne kila ubeti. Kila mshororo una vipande viwili, ukwapi na utao, na kila kipande kina mizani nane, yaani silabi nane. Ubeti mzima basi ni mizani 64, na beti nane ni 512. Kila moja kati ya hizo 512 ni nafasi ya kuteleza. Anayetaka sheria zilizoandikwa atazikuta katika kitabu cha Sheikh Amri Abedi cha mwaka 1954. Mimi nasema yale yanayotokea sheria zikiwa unazijua na bado unakosea.

Usiku wa kwanza usimtumie mtu. Shairi likiwa bado la moto, mahadhi yanacheza kichwani na yanaziba kila tundu. Mahadhi yana hila: kipande kikizidi mizani moja, ulimi unaimeza, kikipungua, koo linaivuta. Mtunzi hasikii kitu. Liache karatasini usiku mbili au tatu, fanya shughuli nyingine, kisha lirudie kama hesabu za duka.

Hukumu ya kwanza ni yako, na ifanye kwa vidole. Ukitoa dole gumba la kila mkono, vinabaki vidole vinane, yaani kipande kimoja kamili. Soma silabi moja kidole kimoja, polepole, bila kughani. Kidole kikibaki wazi umepunguza. Silabi ikikosa kidole umezidisha. Wanaohesabu kwa macho hudanganywa na maneno yaleyale kila mara. Mbwa ni mizani mbili, m-bwa. Nne ni mbili, n-ne. Mbuzi ni mbili, mbu-zi, lakini mbunge ni tatu, m-bu-nge, kwa kuwa ile m ni ya mtu. Mbuni anayekimbia porini ni mbu-ni, mbili. Mbuni unaozaa kahawa ni m-bu-ni, tatu. Labda na daktari ni magomvi ya kudumu: wapo wanaohesabu lab-da, wapo wanaohesabu la-b-da, na wapo wanaokata shauri kwa kuandika labuda. Chagua njia yako mapema, uishike kutoka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Anayehesabu labda kuwa mbili juu na tatu chini anajifungulia mlango wa uani.

Vina navyo vichomoe. Andika pembeni silabi ya mwisho ya kila ukwapi kwa safu moja, na ya kila utao kwa safu ya pili. Ukiziona zimesimama wima, iliyopinda inajionyesha yenyewe. Ndani ya mshororo haionekani, maana jicho linakimbilia maana.

Baada ya hapo ndipo upite kutafuta inkisari na mazida, yaani maneno yaliyofupishwa na yaliyorefushwa. Ruhusa za mtunzi zipo, nazo ni za zamani, ila kila moja ni deni. Kitabuche kwa kitabu chake, sawa. Enenda kwa enda, sawa. Lakini kubadili moyo kuwa moya kwa kuwa kina kinataka -ya, hapo neno limevunjwa mguu ili lienee kitandani. Shida ya pili ni lahaja za kukopa. Mtunzi wa bara anaandika macho mshororo wa kwanza, mshororo wa tatu anaandika mato kwa sababu kina cha -to kimemkaba. Mwenye Kimvita chake akisema mato ni lugha yake. Wewe umekwenda Mombasa kununua silabi moja na kurudi.

Sasa rafiki. Usimpelekee anayekupenda kupita kiasi, wala anayeshindana nawe gazetini. Wa kwanza atasema “mashaallah” kabla hujamaliza, wa pili atanyamaza kisha kesho uone picha uliyoitunga wewe katika shairi lake. Anayefaa ni yule anayejua arudhi, yaani kanuni za vina na mizani, anayeweza kukaa na karatasi saa nzima, na aliyewahi kukuletea lake ukamkosoa akabaki rafiki. Ukiweza, pata na wa pili asiyejua mizani ni nini. Huyu hamwulizi mtu vina. Anasema tu “hapa sikuelewa”, na neno hilo moja lina thamani kuliko somo zima la ukwapi na utao.

Namna ya kumfikishia ndiyo nusu ya kazi. Usimtumie sauti. Narudia: usimtumie sauti, hata kama ni usiku na yuko mbali. Ukighani mwenyewe utavuta palipopungua, utapunguza palipozidi, na utapandisha sauti panapokosa maana. Ataletewa shairi lililokwisha kutibiwa na koo lako. Mpe maandishi, mwambie yeye ndiye aghani, wewe usikilize. Pale atakapojikwaa, hata kwa kupumua tu, tia alama kwenye nakala yako. Alama hizo hazina ubishi, ulimi wake haukujua ulikusudia nini.

Ukituma kwa WhatsApp, jua kwamba mshororo wa mizani 16 haukai kwenye upana wa skrini ndogo. Simu inaukata inapotaka, mara nyingi baada ya mizani kumi au kumi na mbili, na msomaji anapoteza kituo cha kati. Piga picha karatasi iliyoandikwa kwa mkono, au andika kila kipande mstari wake, na uache nafasi kati ya beti. Mkikutana barazani, chukua nakala mbili. Karatasi moja kwa watu wawili inawafanya mgombee mwanga.

Ubeti wa kwanza ulimfikia hivi:

Bomba letu limekauka, mtaa u mashakani,
Ndoo tupu zapangika, tangu jana barazani,
Wazee wachoka sana, vijana wako njiani,
Maji yanapotoweka, hutoweka na amani.

Akaghani mara moja, akarudi nyuma, akacheka kidogo. “Bwana we, bomba lako lina mizani tisa.” Vidole vikatoka: bo-mba-le-tu-li-me-ka-u-ka. Tisa kweli, na lilishapimwa mara tatu. Sababu ni ile ka-u, ambayo mdomo wenye haraka huifanya silabi moja. Dawa ya kwanza ilikuwa lakauka: bo-mba-le-tu-la-ka-u-ka, nane safi. Lakini lakauka ni jambo linaloendelea, bomba bado linadondosha. Na ndoo ni tupu, kwa hiyo bomba limekwisha. Mizani imetengenea, habari imeharibika. Tukaitupa letu, tukabaki na Bomba limeshakauka. Hilo neno letu liliuma kulitoa. Likatoka.

Mshororo wa tatu una ugonjwa tofauti. Wazee wachoka sana ni mizani nane kamili, vidole vinaridhika, ila kina cha kati ni -na wakati wenzake ni -ka. Aliyehesabu tu angelipita. Safu ya pembeni ndiyo iliyoonyesha: ka, ka, na, ka. Hilo ndilo waitalo guni, na aibu yake ni kwamba halina utetezi. Likawa Wazee wamesumbuka.

Kisha akauliza swali ambalo halikuwa la mizani wala vina. “Hawa vijana wako njiani kwenda wapi?” Jibu lilikuwa kichwani mwa mtunzi: wamekwenda visimani. Karatasini halikuwepo. Hapa tulitumia karibu nusu saa, na ninaionyesha kazi yote kwa kuwa ndiyo kazi yenyewe. Vijana wako visimani ni mizani tisa. Vijana wa visimani ni nane, lakini ukisoma unapata vijana wenye asili ya visimani, kama vile wa Tanga au wa Lamu. Tukajaribu wana wako visimani, nane. Akaghani, akakunja uso: “Wana wangu? Mimi sina mtoto kisimani.” Ni kweli, wana wako ni watoto wako kabla ya kuwa watoto walioko mahali. Herufi moja ikaokoa jambo: wana wapo visimani. Nane, kina -ni, na hakuna mtoto wa mtu aliyetajwa.

Mshororo mmoja, majaribio manne. Ukipata rafiki anayevumilia la nne, mpikie.

Ubeti wa tatu ndio ulioleta kununiana.

Nasema jama nasema, nisikieni jamani,
Neno hili nalisema, lilo ndani ya moyoni,
Kusema mimi nasema, nasema toka zamani,
Maji yanapotoweka, hutoweka na amani.

Pima upendavyo: vipande vyote ni nane nane, vina vya kati -ma katika mishororo mitatu, kibwagizo kimebaki na -ka yake kama desturi inavyoruhusu, vina vya mwisho -ni tupu. Hakuna guni. Na huu ndio ulikuwa ubeti uliopendwa kuliko yote, kwa sababu unaimbika vizuri mno. Rafiki hakuandika kitu kwa muda. Halafu akahesabu sema. Ziko sita katika mishororo mitatu. Akapiga mstari chini ya ndani ya moyoni: ama ndani ya moyo, ama moyoni, mawili pamoja ni kuvaa kofia juu ya kofia. Mwisho akaandika pembeni, “Mizani 48 umesema kwamba unasema.”

Uso huwaka ukisomewa hivyo. Kinywa hufunguka chenyewe kutetea: nilikusudia kutia mkazo, hata wakongwe hufanya hivi, wewe huelewi mahadhi. Kila neno la utetezi lilikuwa ushahidi kwamba ubeti haukuweza kujitetea. Kosa lililofanyika hapa ni kujibu papo hapo. Kosa la pili, kumkumbusha rafiki makosa ya shairi lake la mwaka jana. Karatasi zikakunjwa, chai ikapoa, siku mbili hakuna salamu. Bora kuwekeana sharti kabla: anayekosolewa anaandika, haongei, mpaka ubeti wa mwisho uishe. Akitaka kujibu ajibu kesho.

Kilichosaidia si radhi, ni swali ambalo yeye mwenyewe alituma siku ya tatu: “Pale bombani uliona nini hasa?” Halikuwa swali la ushairi. Jibu lilikuwa dumu. Dumu moja la njano lililoshika nafasi ya mwenyewe kwenye foleni, limeandikwa jina kwa mkaa. Ubeti wa kusema ukafutwa wote, likaingia hili:

Kuna dumu la manjano, limesimama foleni,
Lina jina la Maneno, kwa mkaa ubavuni,
Lipo tangu siku tano, mwenyewe yuko kazini,
Maji yanapotoweka, hutoweka na amani.

Hapo pana mtu, pana chombo, pana siku. Kibwagizo ni kilekile ila sasa kina kitu cha kukiegemea. Tangu hapo njia ya kupima ubeti unaoimbika sana ni kuufutia maneno ya kujaza (naam, hakika, jamani, enyi wenzangu, kwa yakini) na kutazama kilichobaki. Kikibaki kitu cha kuonekana kwa macho au kushikwa kwa mkono, ubeti unaponyeka. Kikibaki kijumba kitupu, vunja. Beti mbili nyingine zilivunjwa kwa kipimo hicho na mbili mpya zikaandikwa. Hesabu ikabaki nane.

Ya nane ilikuwa ni kaditama, ubeti wa kufunga. Wote tunaijua kaditama ya uvivu: nafikia ukingoni, kalamu naweka chini, jina langu ni fulani, mtaa wangu ni fulani. Si vibaya kuaga na kujitaja, desturi ni ya heshima na ilisaidia mashairi kutompoteza mwenyewe. Ila ubeti wa kuaga nao una mizani 64 na zinafaa kufanya kazi. Wa kwetu haukufanya. Ukatolewa, na wa kabla yake ukaonekana ulikuwa unauandalia njia tu, nao ukaenda. Ndipo zikabaki sita.

Si kila alama nyekundu ya rafiki ni sahihi, na hili halisemwi vya kutosha. Akikuonyesha mizani au kina, hesabu tena; ikiwa kweli, shukuru, rekebisha, msibishane. Akisema haelewi, amini kwamba haelewi. Lakini akikuandikia mshororo mzima wa badala, tahadhari. Mara nyingi mshororo ule ni mzuri na ni wake: una maneno anayoyapenda yeye, una mzaha wake. Ukiuchukua, ubeti wako utakuwa na mgeni anayeongea sauti nyingine. Wana wapo visimani lilipatikana kwa wote wawili kuguna pamoja; mshororo aliopendekeza kuhusu diwani wa kata ulikuwa mkali na ulichekesha, ukaachwa, kwa kuwa shairi halikuwa la kumshtaki mtu.

Alilalamika pia juu ya vina vya -ni. Mashakani, barazani, visimani, ubavuni, kazini: maneno matano yamepata kina kwa kubandikwa -ni ya mahali, na ni foleni na amani ya kibwagizo tu yaliyokuja na -ni yake kutoka nyumbani. Ana haki. Kina cha -ni ni rahisi kama kuokota embe chini ya mti. Baada ya kufikiri yakaachwa yote, kwa sababu shairi lote ni la mahali, watu wanatafutwa wako wapi na maji yako wapi. Si kosa, ni uchaguzi, ila mtunzi ajue kwamba amechagua.

Kuna ugomvi mwingine wa kuepuka kabla haujaanza. Kama umeandika shairi huru, lisilo na vina wala mizani, usimpelekee mtu anayeamini kwamba bila vina si shairi. Mabishano hayo yaliwaka Tanzania miaka ya 1970, Kezilahabi alipotoa Kichomi, diwani yake ya mashairi huru, mwaka 1974 na wanamapokeo, watetezi wa vina na mizani, wakasimama upande wa pili, na baraza lenu halitayamaliza jioni moja. Shairi huru lina hukumu yake: mahali mstari unapokatwa, uzito wa kimya, picha. Tafuta anayeipima mizani hiyo.

Baada ya marekebisho kuna jaribio moja lisilogharimu kitu. Kaa siku tatu, kisha mwombe rafiki akwambie anachokumbuka bila karatasi. Mashairi ya Muyaka wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, yalifika kwetu kwa kuwa watu waliyabeba vichwani miaka mingi kabla hayajachapwa. Hatutafuti makubwa hayo. Tunatafuta kujua mshororo gani umeshika. Rafiki alikumbuka kibwagizo chote na dumu la Maneno. Ubeti wa tano hakukumbuka hata neno, ukaandikwa upya. Weka nakala zote za zamani zenye tarehe, usichane hata moja. Ubeti uliotupwa leo una kipande kitakachofaa shairi la mwaka ujao.

Na hesabu gharama. Vikao vinne, vya saa moja hadi mbili kila kimoja. Bando, chai, na deni la kumsomea yeye lake kwa uangalifu uleule, ambalo halilipwi kwa “zuri sana, sheikh”.

Shairi lilipokuwa tayari kunakiliwa kwa wino, yule msomaji wa pili, asiyejua mizani, akauliza: “Ndoo zimepangwa tangu jana, na dumu lipo siku tano?” Wawili tulioshinda na kalamu nyekundu hatukuliona. Ubeti wa kwanza ulisema tangu jana kabla dumu halijazaliwa. Ubeti mpya ukaja na siku zake, na hakuna aliyerudi juu kutazama. Kila ukiingiza ubeti mpya, soma beti zote kuanzia mwanzo ukitafuta siku, idadi, majina na mahali tu.

Tukaweka wiki nzima barazani. Rafiki akatoa vidole, akahesabu wi-ki-n-zi-ma-ba-ra-za-ni, tisa, akataka tuanze tena. Nzi anayetua kwenye dumu ni n-zi, mbili, kwa sababu neno ni fupi na n inalazimika kusimama peke yake. Nzima ni nzi-ma, mbili pia, n imelala juu ya z. Alighani mara tatu kabla hajakunja kidole cha nane na kukiacha hapo.